Mgeni njoo, lakini mwenyeji yuko wapi?

Wafanyabiashara wenzangu wanaofuata mzigo China wameanza tabia ninayoipenda. Wakishamaliza mambo ya viwandani, badala ya kujifungia hotelini kusubiri ndege, wanataka kutembea. Kwa kuwa mimi nanunua vitambaa Keqiao tangu wanangu wakiwa shule ya msingi, na sasa wao wenyewe ni wazazi, swali huletwa kwangu: "Mama, vile vijiji vya mifereji, kipi kizuri ambacho hakina watu?"

Nawaambia swali limekaa vibaya. Kijiji ambacho hakina watu ni magofu. Wanachotaka kukwepa ni watalii wenzao, na hilo ni ombi gumu kwa mtu ambaye naye ni mtalii. Nimefika vijiji vilivyojaa hadi maji yenyewe huyaoni, na nimefika vingine ambavyo mbwa alinibwekea kwa mshangao. Katika vyote hivyo sijaona kijiji kilichouawa na wingi wa wageni peke yake, wala kilichoponywa na uchache wao. Kinachokiua ni kuondoka kwa wenyeji. Waswahili tuna kipimo kifupi cha jambo hili: mgeni njoo, mwenyeji apone. Hakitaji wageni wangapi. Kinauliza kama mwenyeji amepona, na ili apone, kwanza awepo.

Nieleze mahali penyewe. Kusini mwa mto Yangtze, kati ya Shanghai, Suzhou na Hangzhou, ardhi ni bonde la chini lililozunguka Ziwa Tai. Maji yako kila upande. Watu wa huko walichimba mifereji kwa karne nyingi ili wamwagilie mpunga, watoe maji ya mafuriko na wasafirishe mchele na hariri. Mfereji Mkuu unaotoka Hangzhou mpaka Beijing, wenye urefu wa karibu kilomita 1,800, uliingia kwenye orodha ya Urithi wa Dunia ya Unesco mwaka 2014, lakini huo ni mshipa mmoja tu. Pembeni yake kuna mishipa midogo isiyohesabika, na kando ya mishipa hiyo ikajengwa miji midogo. Nyumba zake zilikuwa na mlango mmoja wa uchochoroni na mwingine wa majini, wenye ngazi za mawe. Kwenye ngazi hizo mchele ulishushwa, mboga zilioshwa, nguo zilifuliwa.

Kisha yakaja malori. Miji iliyofikiwa mapema na barabara ilifukia mifereji na kujenga viwanda. Iliyobaki na sura yake ya zamani ni ile iliyochelewa kufikiwa. Uzuri tunaoulipia leo ni matunda ya kucheleweshwa, na mwenyeji wa huko anaukumbuka ucheleweshaji huo kwa namna tofauti kabisa na mtalii anayeupiga picha.

Zhouzhuang, ulio chini ya mji wa Kunshan, ndio maarufu kuliko yote, na ndio ambao kila mtu atakuonya usiende. Mji wake wa zamani haufiki nusu kilomita ya mraba, lakini kwa mwaka unapokea wageni kwa mamilioni. Mtembeza wageni anatangulia na bendera ndogo na kipaza sauti kiunoni, kundi linamfuata, na nyuma ya kundi kuna kundi. Madukani wamepanga mapaja ya nguruwe yaliyopikwa kwa sukari mpaka yanang'aa, chakula kilichopewa jina la tajiri wa zamani wa mji huo, Shen Wansan. Mimi na mtandio wangu tunapita haraka hapo, tunakwenda kutafuta tambi za nyama ya ng'ombe kwa Waislamu wa Kichina, ambao kwa bahati wana migahawa karibu kila mji.

Penye msongamano zaidi ni pale kwenye madaraja mawili yanayokutana pembeni, moja la tao la duara na jingine la mraba. Kila mtu anataka kupigwa picha hapo, na kuna sababu. Mwaka 1984 mchoraji Chen Yifei, aliyekuwa akiishi Marekani, aliyachora madaraja hayo. Mfanyabiashara wa mafuta wa Marekani, Armand Hammer, akainunua picha na kumzawadia Deng Xiaoping. Mji ambao hadi wakati huo ulifikika kwa mashua tu ukajulikana dunia nzima.

Wasichosimuliwa watalii wengi ni kwamba katika miaka hiyo hiyo mji ulikuwa karibu kubomolewa. Kila wilaya ilitaka viwanda na barabara pana, na Zhouzhuang nao ulitaka. Profesa Ruan Yisan wa Chuo Kikuu cha Tongji cha Shanghai akaja na mpango wa kuuhifadhi mji wa zamani ulivyo na kujenga mji mpya pembeni. Walioshawishika na mpango huo hawakuwa na fedha za kutengeneza mapaa. Fedha zikatoka kwa watalii, hawa hawa tunaowakunjia uso darajani. Kila kigae kilichobadilishwa pale kimelipiwa na msongamano.

Kwa hiyo naomba tuuheshimu kidogo msongamano. Nilisimama kwenye yale madaraja bibi mmoja wa Kichina akanishika mkono, akaniweka katikati ya familia yake, na wajukuu wakapiga picha. Alipoondoka yeye ikaja familia nyingine. Nilikuwa nimekuja kutazama, nikawa natazamwa, na sikuona ubaya wowote. Wale watu walikuwa wametoka mbali kama mimi, kwenye likizo yao moja ya mwaka. Mama aliyeniendeshea mashua aliimba alipopita chini ya daraja, kisha akanionyesha kwa vidole bei ya wimbo wa pili. Nililipa. Wimbo ni kazi, na kasia ni kazi.

Ilipofika jioni mabasi yakaondoka na makundi yake. Nilikuwa nimepanga chumba kwa mzee mmoja na mkewe, nyumba yao ikiwa na mlango wa majini. Watu wakatoa viti nje. Mwanamke akashuka ngazi na beseni la mboga. Mtoto akasoma kitabu cha shule kwa sauti dirishani, akirudia sentensi moja mpaka mama yake akatosheka. Mji uliokuwa soko mchana ulikuwa mtaa usiku. Mwenyeji yuko, na anapona, ingawa anachoka.

Sasa twende Wuzhen, katika jimbo la Zhejiang, ambao wenzangu wengi wakirudi husema ndio mzuri kuliko yote. Una pande mbili. Upande wa mashariki ulifunguliwa kwa watalii mwaka 2001 na wenyeji wakabaki majumbani mwao. Kila mwenye mlango akafungua duka, kila duka likauza kilekile, kelele za kuita wateja zikazidi. Wasimamizi wakajifunza somo lao. Walipoandaa upande wa magharibi, uliofunguliwa mwaka 2007, waliwahamisha wakazi kwanza, kampuni ikashika nyumba zote, kisha wakatengeneza. Baadhi ya wenyeji wa zamani walirudishwa kuendesha nyumba za wageni, kwa masharti ya kampuni.

Sitausema vibaya kwa yale waliyoyafanya vizuri. Nyaya zimefukiwa chini. Maji taka yana mabomba yake. Vyoo vya umma vinanukia kuliko vyumba vingi vya hoteli nilizolala Guangzhou. Tangu 2013 kuna tamasha la michezo ya kuigiza, na tangu 2014 mkutano mkubwa wa kimataifa wa intaneti hufanyika hapo. Nililala upande huo wa magharibi, nikaamka alfajiri, na baada ya swala nikatembea kando ya maji. Ulikuwa ndio utulivu wenyewe ambao wenzangu wananiulizia. Nilipita daraja baada ya daraja bila kukutana na mtu isipokuwa mfanyakazi mwenye sare akifagia majani.

Mimi ni mtu wa vitambaa, na kijiji nakitazama kama ninavyotazama jora: naligeuza nione upande wa ndani. Upande wa ndani wa kijiji ni kamba ya nguo, ndoo ya taka, pikipiki iliyoegeshwa vibaya, mzee anayekohoa, harufu ya vitunguu saa kumi na moja jioni. Upande wa magharibi wa Wuzhen hauna upande wa ndani. Nguo zilizoanikwa ni majora ya buluu ya maonyesho kwenye kiwanda cha kutia rangi, yamening'inizwa ili yapigwe picha. Ni hoteli kubwa sana iliyojengwa kwa nyumba za watu. Mgeni amekuja, kweli, na amepokewa vizuri. Mwenyeji amepewa ghorofa kwingine.

Najua jibu la wanaoutetea mpango huo, na lina uzito. Wazee wengi hawakulia kuondoka. Nyumba hizi za kupendeza zina unyevu unaopanda ukutani, baridi yake ya Januari inaingia mifupani, na zamani hazikuwa na vyoo; ndoo ya mbao ilitolewa asubuhi na kuoshwa mferejini. Anayemwambia mama wa miaka sabini abaki kwenye nyumba ya namna hiyo ili mimi nipate picha, hana huruma. Lakini kama kampuni ilikuwa na fedha za kuweka mabomba chini ya mji mzima kwa ajili ya mgeni anayelala usiku mmoja, fedha hizo hizo zingeweza kumwekea mabomba aliyezaliwa pale. Mpelekee mwenyeji choo, usimpeleke mwenyeji kwenye choo.

Kuna utulivu wa namna nyingine, nao pia tuutazame vizuri. Jinze uko magharibi ya Shanghai, katika wilaya ya Qingpu. Hauna kiingilio, na siku niliyofika haukuwa na bendera ndogo hata moja. Una madaraja ya mawe ya kale ambayo mji mwingine ungeyajengea geti na kibanda cha tiketi. Daraja la Puji lilijengwa mwaka 1267, wakati wa enzi ya Song, na watu bado wanalivuka wakiwa na mifuko ya sokoni. Nilikaa hapo nikafurahi. Halafu nikaanza kutafuta chakula cha mchana, na kutafuta huko kukanionyesha mengine. Duka moja limefungwa, la pili limefungwa, la tatu lina mzee aliyelala. Watu niliokutana nao barabarani walikuwa umri wangu au zaidi. Vijana wako Shanghai, wanafanya kazi. Utulivu niliokuwa nikiufurahia ulikuwa ni watoto wa watu walioondoka.

Ndiyo maana sikubali kijiji kisifiwe kwa ukimya peke yake. Wuzhen ya magharibi ni kimya alfajiri kwa sababu wenyeji walihamishwa. Jinze ni kimya mchana kwa sababu wenyeji walijiondokea wenyewe kufuata riziki. Mtalii hasikii tofauti. Anasema tu, "Hapa pametulia," anapiga picha, anaondoka.

Basi kipo kijiji kinachofaulu? Kwangu kipo, na kipo karibu na pale tunapofanya manunuzi. Keqiao, wenye soko la vitambaa ambalo wengi hulitaja kuwa kubwa kuliko yote duniani, ni wilaya ya mji wa Shaoxing, na ndani ya wilaya hiyo kuna mji mdogo wa Anchang. Wafanyabiashara wa Kariakoo wanapita jirani yake mwaka baada ya mwaka wakiwa na sampuli za mapazia na madera mkononi, bila kujua kwamba upo. Ukiwa unasubiri kiwanda kimalize kuchapa maua yako, au wakala akuletee habari ya kontena lililokwenda bandari ya Ningbo, teksi itakufikisha Anchang kabla hujamaliza kupiga soga kwenye simu.

Hakuna kiingilio. Mfereji mmoja mrefu unapita katikati, na pembeni yake kuna njia iliyoezekwa, hivyo hata mvua ikinyesha unatembea. Wazee wanakunywa chai na kucheza karata. Mashua zake ndogo zina paa jeusi la mianzi, na mwendeshaji hukaa nyuma akisukuma kasia kwa miguu, mikono ikibaki huru. Yule aliyeniendesha alikuwa anamenya karanga. Kuna kiwanda cha kale cha sosi ya soya, kilichoanza karne ya 19, chenye mitungi mikubwa uani na kofia za mianzi juu ya mitungi. Fundi cherehani ana duka lake, kinyozi ana lake, na wateja wao ni majirani.

Ukitaka kuuona Anchang umejaa, nenda mwezi wa mwisho wa kalenda ya Kichina, kabla ya mwaka wao mpya. Hapo soseji na mabata waliokaushwa huning'inizwa juu ya mfereji, safu kwa safu, na watu wa Shaoxing na Hangzhou huja kununua vya sikukuu. Nilikwenda wakati huo pia. Soseji ni za nguruwe, kwa hiyo nilinunua sosi ya soya na maandazi ya mchele, na nikasukumwa mpaka mtandio ukanidondoka. Lakini angalia umati huo umefuata nini. Umefuata kitu ambacho wenyeji wangekitengeneza hata kama hakuna mtalii aliyekuja, kwa sababu wanakila wenyewe. Sikukuu ikipita, umati unaondoka na soseji zake, mji unabaki na watu wake. Kujaa kwake na kutulia kwake vyote ni vya mji wenyewe.

Haya yananihusu nikiwa Mtanzania, si kwa sababu ya vitambaa tu. Mwaka 2000 Unesco iliuingiza Mji Mkongwe wa Zanzibar katika Urithi wa Dunia. Mwaka huo huo, bustani ya Tuisi iliyoko Tongli, mji mwingine wa mifereji karibu na Suzhou, iliongezwa kwenye orodha hiyo pamoja na bustani nyingine za eneo hilo. Tulianza darasa moja. Wao wameshajaribu njia zote: mji uliobaki na wenyeji na kelele zao, mji uliohamishwa watu ukawa safi, mji uliosahauliwa, na mji unaojilisha wenyewe. Majibu yao yako wazi mbele yetu bila ada. Wakubwa wetu wakienda huko kwa ziara za mafunzo, na huenda, wasiishie kuonyeshwa Wuzhen na kurudi na picha za mataa yake. Waige mabomba yake. Kuhamisha watu wasikuige.

Nanyi mnaokwenda kwa fedha zenu, nawasihi mambo machache. Msiende wiki ya kwanza ya Oktoba. Ni sikukuu ya taifa na China nzima iko barabarani. Msiende na kurudi siku ileile. Laleni, kwa sababu mchana kijiji ni cha wageni na usiku ndipo utajua kama kina wenyewe. Chumba pangeni kwa familia inayoishi ndani ya nyumba hiyo hiyo, na chakula kuleni kwa anayepika kwa ajili ya wanawe pia. Mlango ukiwa wazi usidhani umefunguliwa kwa ajili ya kamera yako. Bisha, salimia, simu itakutafsiria. Mama akikuimbia, mlipe.

Na ukirudi ukanisimulia kwamba umepata kijiji cha mifereji kizuri, safi, kisicho na mtu, nitakuuliza swali moja tu kabla sijakupa hongera: watu wake wamekwenda wapi?